Ngoma ya dubstep na rege: besi kwa keja haipo, kwa nganya inameza kila kitu

BesiUmoja

Habari zenu wasee, naomba msaada na tafadhali msome mpaka mwisho juu nimejaribu kila kitu najua.

Mimi natengeneza dubstep, na nikisema dubstep simaanishi ile ya msumeno na makelele, namaanisha ile ya mwanzo ya London Kusini, ya kina Mala na Coki na Loefah, sabu nzito chini, yaani besi ya chini kabisa, dub (rege iliyopunguzwa ikabaki besi, ngoma na mwangwi) na rege juu yake, na katikati nafasi tupu hadi unaskia mtu akivuta pumzi. Nilianza kuiskiza nikiwa fomu tatu kwa simu ya mtu wa dom, na simu yenyewe haikutoa besi hata kidogo, niliskia tu sneya na mwangwi, lakini kuna kitu kilinishika. Mimi nimelelewa na rege, mzee wangu alikuwa anaweka kaseti kila Jumapili asubuhi akipiga viatu rangi, kwa hivyo vile niliskia ile kitu nikajua hawa watu wametoa hii mahali napajua.

Sasa niko na ngoma moja nimeikalia miezi mitatu. Iko mapigo 140 kwa dakika, A maina, kiki kwa moja, sneya kwa tatu, skanki ya kinanda, yaani ile kodi fupi fupi ya rege, na melodika, ile kinanda ndogo ya kupuliza, ambayo amepiga binamu yangu. Melodika tulirekodi kwa simu ndani ya bafu ya ploti saa sita usiku wakati hakuna mtu anaoga, juu hapo kuna mwangwi mtamu kuliko plagini yoyote niko nayo. Hiyo sehemu naipenda kabisa, siigusi.

Shida ni besi. Naishi Umoja, chumba kimoja cha mawe, futi kumi kwa kumi. Kitanda kimeshika ukuta mmoja, jikoni ukuta ule mwingine, meza na laptopu zikaja zikakaa hapo kati na kiti changu kiko katikati ya nyumba kabisa. Niko na spika mbili za inchi tano za mtumba. Nikikaa hapo besi ni kama haiko. Naongeza, bado. Naongeza tena, bado. Nimefika desibeli nane juu ya mahali nilianzia na pia nikaweka besi nyingine okteva moja chini yake ndio izidi kuwa nzito.

Jumapili iliyopita rafiki wa binamu yangu, dereva wa nganya, hizi matatu za muziki mkubwa, huku Eastlands, akanikubalia niweke flashi kabla waanze kubeba. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, baridi, makanga anapanguza viti. Mwanzo ukaja poa, melodika safi, skanki safi, makanga akawa anatingisha kichwa huku anapanguza. Halafu besi ikaingia. Wasee, gari ililia kama debe limejazwa mawe. Zile taa za zambarau za dari zikawa zinafifia kila besi ikipiga, melodika ikapotea, sneya ikapotea, kukabaki mngurumo hauna noti na juu yake mlio kama wa karatasi inararuliwa. Makanga akasimama na kitambaa mkononi akaniangalia. Dereva akanyoosha mkono akazima mwenyewe, hakunitusi wala nini, alisema tu, hii itaniulia spika. Nilishuka hapo nikatembea mpaka nyumbani na miguu na si karibu.

Muuzaji mmoja wa Luthuli ananiambia nishike spika za inchi nane, na hizo pesa ndio rent yangu ya miezi miwili. Kabla nifanye huo ujinga nauliza nyinyi. Inakuaje kitu kimoja kikose besi hapa na huko kiue spika? Na nianzie wapi?

kaza254

Buda usinunue spika, wachana nazo kabisa, tafuta hedfoni za maana za kufunika masikio ufanyie kila kitu hapo. Mi nimefanya hivyo miaka minne na jirani hawajawahi kunibishia mlango. Na usikate tamaa, prodyusa Slikback ametoka hapa hapa Nairobi na besi zake zinapigwa Ulaya.

fundi_kirinyaga

Kijana, mimi nafunga muziki kwa magari hapa Kirinyaga Road, kwa hivyo nitakujibu ile sehemu ya nganya na hiyo ya nyumba nitawachia wengine.

Kwanza, dereva alifanya sawa kuzima. Sikiza. Umesema ngoma iko A. A ya besi ni hezi 55, yaani inatetemeka mara 55 kwa sekunde, hiyo ni noti nzuri, gari yoyote inaiweza. Lakini umeweka nyingine okteva moja chini, hiyo ni hezi 27 na nusu. Boksi za sabu ambazo nafunga kwa matatu karibu zote ni za tundu, na hilo tundu halichongwi ovyo, linapimwa, mimi mara nyingi naliweka kati ya hezi 40 na 45. Noti ikiwa juu ya hapo hewa ya ndani ya boksi inaishika koni vizuri, na ikikaribia hapo tundu lenyewe linasukuma sauti pamoja na koni. Noti ikishuka chini ya hapo hewa inatoka na kuingia tu kwa tundu, koni inabaki haina kitu cha kuishika, inapiga mbele nyuma mbele nyuma kama mlango umewachwa wazi kwa upepo. Ule mlio wa karatasi uliskia ndio huo, koili inatoka nje ya sumaku. Dakika chache za hivyo na mwenye gari anakuja kwangu na sabu mkononi, nazifungua nakuta waya umeungua mpaka umekuwa mweusi. Na ujue kila ukishuka okteva moja, kutoa sauti ileile koni inatakiwa itembee mara nne zaidi. Mara nne! Hapo hakuna spika ya inchi kumi na mbili itakuvumilia.

Hiyo ya taa kufifia nayo. Izo Isuzu nyingi moto wake ni volti 24 na muziki unatumia 12, kwa hivyo katikati kuna konvata na konvata iko na kikomo cha ampia. Hezi 27 yako hakuna mtu anaiskia ndani ya gari, lakini inavuta moto kama kawaida, tena kwa desibeli nane za ziada. Sabu ikishavuta, ile ampu ya spika za juu inabaki na njaa. Ndio melodika ikapotea. Wewe unadhani besi iliifunika, kumbe iliinyima chakula.

Futa hiyo okteva ya chini leo. Halafu kata kila kitu chini ya hezi 35 kwa ngoma nzima. Na ningekuwa wewe ningepandisha ngoma yote mpaka C, hapo besi inakuwa hezi 65, utaipeleka gari yoyote na italia bila kukusumbua.

wanja_dub

Fundi amesema vizuri na hiyo ya tundu nimejifunza leo, asante sana. Lakini usipandishe ngoma mpaka C. Kwa hiyo naomba tukosane kidogo. Besi ya 55 inakuingia kifuani na ya 65 inakaa karibu na koo, ukipandisha itakuwa ngoma nyingine, na melodika ya bafu itabidi uivute na plagini iharibike. Gari haina shida na A, fundi mwenyewe ameandika. Shida ni kiti chako.

Keja ya kumi kwa kumi, hiyo ni kama mita 3.05. Sauti inatembea mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 56 urefu wake ni kama mita 6.1, na nusu ya hiyo ni nini? Ni keja yako. Inamaanisha hiyo noti inaingia kati ya kuta zako mbili kama mguu ndani ya kiatu, inagonga ukuta inarudi inakutana na yenyewe. Kwa ukuta inajipanga inakuwa kubwa, na katikati kabisa inajifuta. Nyumba ikiwa mraba ni mbaya zaidi juu urefu na upana vyote vinafanya kitu kimoja kwa noti ileile. Ngoma yako iko 55. Kiti chako kiko katikati. Umekaa mahali pekee ndani ya hiyo nyumba ambapo hiyo besi haiko, na umekuwa ukiiongeza miezi mitatu. Mimi hii kitu ilinikula mwaka mzima nikiishi Kayole, kila ngoma naitoa na besi imefura, watu wananiambia na sielewi wanaskia nini, nilikuwa nalia kusema ukweli.

Fanya hivi leo jioni. Tengeneza toni tupu, wimbi la sain la hezi 55, sauti ya wastani tu, iwache ikicheza. Amka kwa kiti utembee. Nenda kwa ukuta, nenda kwa kona, chuchumaa, rudi. Usiguse kitu chochote kwa laptopu mpaka umalize kutembea.

@kaza254 hedfoni ni nzuri kwa kuangalia na mi niko nazo, lakini besi ya aina hii inaskiwa na mwili. Ukiitengeneza ndani ya kichwa pekee hutajua inakaa muda gani hewani.

Na swali, kiki yako iko hezi ngapi?

BesiUmoja

Nimefanya. Wueh.

Nilianza nikiwa nimekaa na nilidhani nimekosea kuweka toni, juu nilikuwa naskia tu kama friji ya jirani. Nikasimama, nikapiga hatua moja kuelekea dirisha ikaanza kuja. Hatua ya pili iko. Nilipofika ile kona ya mlango penye naweka mtungi wa gesi ilikuwa inanisukuma shati. Sahani mbili kwa rafu zilikuwa zinagongana tititititi na sikuwa nimezisikia nikiwa kwa kiti, mita moja na nusu tu. Nikarudi kwa kiti, kimya. Nikarudi kwa kona, shati. Nimefanya hivyo kama mara kumi kama mtoto, mpaka mama wa nyumba ya pili akagonga kuuliza kama kuna gari imepaki kwa koridoo.

Miezi mitatu. Sina hata la kusema.

Kiki iko kama hezi 50 hadi 60, nilitafuta ile nzito kabisa.

wanja_dub

Pole na hongera, zote mbili.

Sasa sogeza meza. Sukuma kitanda, fanya vile unaweza, lakini kichwa chako kikae kama theluthi moja ya nyumba kutoka ukuta wa mbele yako, si katikati na si kwa kona. Haitakuwa sawa kabisa, chumba kidogo cha mraba hakiwi sawa, lakini utaskia kitu cha kweli. Halafu kila ukitaka kuamua kitu cha besi, amka utembee kwanza. Nguo na godoro hazitakusaidia kwa noti ya chini hivi, wimbi la mita sita halijui godoro, zitakusaidia huko juu kwa sneya na sauti.

Kiki ya 55 na besi ya 55 ni watu wawili wanapita mlango mmoja. Toa hiyo kiki weka fupi kavu, mwili wake uwe huku kwa 90 au 100, chini yake ukate, hapo chini pawe pa besi pekee. Halafu besi ishuke kidogo kila kiki ikigonga na irudi polepole, utaona inapumua.

Watu wa simu pia usiwasahau. Spika ya simu haitoi 55, usijidanganye kuongeza. Chukua kopi ya besi, ipitishe kwa distoshoni (ile ya kukwaruza sauti) nyepesi sana, kata chini ya 100, uiweke chini chini kabisa pembeni ya ile besi safi. Hapo kunatokea 110, 165, 220, na sikio la mtu likiskia hizo linajaza lenyewe ile 55 haipo. Besi safi yenyewe iwe mono, isitanuke kushoto na kulia hata kidogo.

selekta_jericho

Vijana wangu nimesoma hii yote nikiwa na kikombe cha chai na imenifurahisha moyo. Mimi hayo ya hezi nimejifunza leo, lakini nimecheza rege kwa hii mitaa ya Jericho, Makadara, Kaloleni tangu tunabeba spika kwa mkokoteni, kwa hivyo niruhusuni niongeze.

Huyo kijana amesema alirekodi melodika bafuni. Unajua King Tubby? Osbourne Ruddock, huko Waterhouse, Kingston. Huyo bwana hakuanza kama mwanamuziki, alikuwa fundi wa redio, anasuka transfoma, anatengeneza ampu za watu za saundi sistemu, yaani ni fundi_kirinyaga wa Jamaika. Studio yake ilikuwa nyumbani na ilikuwa ndogo, hata bendi haingii, na chumba cha kuimbia kilikuwa bafu! Bafu ya nyumba. Bendi zilirekodi kwingine, yeye analetewa tepu ya njia nne tu. Njia nne. Leo nyinyi mko na mia kwa laptopu. Ngoma na besi kwa njia moja au mbili, gitaa na kinanda, sauti ya mwimbaji, basi. Angefanya nini na nne? Alianza kutoa. Anatoa sauti, anabakisha besi na ngoma. Anarudisha neno moja la mwimbaji, analitupa kwa eko, analizima kabla limalize. Alikuwa na mashine ya kuchanganya muziki ya mtumba kutoka studio ya Dynamic na ilikuwa na filta moja, akiizungusha muziki wote unakonda unapanda juu kama moshi, halafu anaifungulia besi inaanguka chini yote pamoja. Mikono yake, papo hapo, tepu ikizunguka. Ikikosewa anarudia kutoka mwanzo. Walimuua kwa risasi nje ya nyumba yake mwaka wa 1989 na hawajawahi kumshtaki mtu.

Sasa nikikuskia unasema besi haitoshi ukaongeza, haikutosha ukaweka ya pili, naona ulikuwa unatembea kinyume na huyo mzee. Hujaniwekea ngoma niskize lakini naomba nikuulize, pigo la kwanza kuna kiki, sivyo? Katika rege wan dropu, pigo la kwanza hakuna kitu. Ngoma inaanguka kwa la tatu, kiki na rimu pamoja. Hapo kwa kwanza watu wanaachiwa shimo, na mtu akiachiwa shimo mwili wake unaingia wenyewe. Nyinyi mnahesabu 140 lakini sneya iko kwa tatu, kwa mguu wa mtu hiyo ni 70, ni mwendo wa rege kabisa. Jaribu kutoa hiyo kiki ya kwanza kwa sehemu moja tu ya ngoma. Kiki iende ikae na sneya kwa tatu. Wachia besi hilo shimo.

wanja_dub

Mzee umeniguza sana, shikamoo.

Na hiyo ndio kamba yenyewe imeunganisha Kingston na London. Wajamaika walienda Uingereza na spika zao, watu kama Jah Shaka wakapiga dub London Kusini miaka na miaka mpaka alipoaga 2023, na watoto waliokulia hapo wakipenda pia jango na gareji, mitindo ya dansi ya huko, ndio walikuja kukusanyika Croydon kwa duka la rekodi la Big Apple. DMZ ya Mala na Coki na Loefah ilianza Brixton 2005, ndani ya klabu iliyokuwa kwa jengo la kanisa. BesiUmoja, hao walikuwa wakimaliza ngoma wanaenda kuikata iwe dabpleti, santuri laini ambayo ukiicheza mara kadhaa inaanza kuchakaa, wanaipeleka kwa spika kubwa usiku huohuo. Ikikataa mbele ya watu wanairudisha nyumbani kuitengeneza. Kwa hivyo usione aibu ya Jumapili. Uliikata ukaipeleka, ikakataa. Ilikuwa siku ya kazi.

Ile kazi ya mikono ya Tubby unaweza kuifanya kwa laptopu. Usichore eko na mausi. Weka dilei, yaani hiyo eko, kwa njia yake ya pembeni, kwa 140 noti ya nane yenye nukta ni milisekunde 321, hiyo inazunguka vizuri na skanki. Kwa hiyo njia ya pembeni kata chini ya 300 ndio mwangwi usirundikane juu ya besi. Halafu cheza ngoma yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, mkono mmoja unafungua na kufunga njia za vyombo, mwingine unatupa vitu kwa dilei, urekodi. Fanya mara tano. Chukua ile moja ambayo ulisahau kwamba unarekodi.

fundi_kirinyaga

Mimi nakubali ya A, dada amenishinda kwa haki. Lakini 27 isirudi!

BesiUmoja

Wasee nimerudi, wiki mbili zimepita, samahani kwa kimya, tokeni za stima ziliisha na kazi ya mchana ikanishika.

Nilisogeza meza. Kitanda sasa kinaziba kabati nusu, navaa nguo zile zinafikika. Nikafuta okteva ya chini. Nikarudisha besi chini, nilidhani nitaishusha zile nane, nikaishia kushusha tisa. Tisa! Kiki nimeweka fupi ya 95. Niliposhusha hivyo nikaskia melodika iko na pumzi ndani yake, kuna mahali binamu anavuta hewa kabla ya noti ndefu na kuna tone la maji la shawa linaanguka, sikuwahi kujua liko.

Halafu ile ya mzee selekta. Niliijaribu saa tano usiku nikiwa nimechoka, nikatoa kiki ya kwanza kwa nusu ya pili ya ngoma, na mzee wangu, nilisimama. Sijui nieleze aje. Besi ilikuwa ileile, desibeli zilezile, sijaigusa, lakini ilikuwa nzito mara mbili juu hakuna kitu mbele yake. Unaingojea, inakuja.

Kutupa kwa dilei nilifanya mara nane, mara ya sita ndio nimechukua, kuna mahali nilichelewa kufunga skanki na ikabaki ikizunguka yenyewe peke yake kama sekunde tatu. Ni makosa na imebaki.

Leo asubuhi nikarudi stejini. Dereva ni yule yule na alinikumbuka, aliniuliza mara mbili kama nimeitengeneza kweli. Nikamwambia akiskia hiyo karatasi azime, sitasema kitu. Nilisimama nyuma kabisa juu ya sabu, miguu ndio ilijua kwanza. Taa hazikufifia. Besi iliingia na melodika ikakaa palepale juu yake, naziskia zote mbili, noti kwa noti, na mabati ya pembeni yalitetemeka kidogo kwa ile A ndefu halafu yakatulia. Ilipofika ile nusu ya wan dropu makanga alikuwa mlangoni ameshika chuma, na kwa lile shimo la kwanza akagonga bodi na kiganja. Mara ya kwanza nilidhani anaita abiria. Akagonga tena, palepale, halafu tena. Aliweka ngoma yake kwa hilo shimo mpaka mwisho.

Dereva hakuzima. Alisema flashi ibaki lakini ati dakika sita ni ndefu sana bila mtu kuimba, na hapo simbishii.

@fundi_kirinyaga kuna mlio mdogo umebaki, wa mabati ya nyuma karibu na kiti cha mwisho, kwa A pekee. Hiyo ni ngoma yangu ama ni gari?

fundi_kirinyaga

Hiyo ni gari. Skrubu za paneli ya nyuma zimelegea, karibu kila gari ziko hivyo. Mwambie dereva apite nikaze na niweke vipande vya mpira chini yake, ni kazi ya dakika ishirini. Na uje naye na hiyo flashi, nataka kuskia hilo tone la maji.

BesiUmoja

Nitakuja naye. Binamu naye ameskia ngoma akaanza kusema ati sasa turekodi melodika upya mahali safi na maiki ya maana. Nimekataa. Ile ya bafu inabaki.